Ligi Mpya ya Hippolyte

Ndugu zangu wa Bunia, kabla vita havijaingia mjini, nyumbani kwa Hippolyte kulikuwa na amani ya kuonea wivu. Kila Jumapili baada ya misa, mke wake Mireille aliandaa sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki. Guelord, mdogo wake Mireille, alikula hapo kabla ya kwenda kucheza basketi. Hippolyte alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, ingawa Mireille na Guelord walikuwa wa kabila lingine.

Kisha wakubwa wa ligi ya zamani ya basketi mjini wakamnyima Hippolyte uenyekiti. Alikasirika, akaanzisha ligi yake mwenyewe, ya wachezaji wa kulipwa, kwenye sakafu ya saruji ya kukaushia kahawa. Tukaanza kumwita Président. Lakini watazamaji hawakuja. Ligi ya zamani ilichanganya makabila katika kila timu, tena kwa makusudi. Yeye akaamua kuyatenganisha, kila kabila na timu yake.

"Utaona, Mireille. Batu batajaa!"

"Na Guelord, utamutia wapi?"

"Kwa timu ya kwenu. Ni muchezo tu, mama."

Mchezo tu! Mimi pia niliingia, nikaimba matusi na wenzangu, na naona haya hadi leo. Uwanja ulijaa pomoni. Guelord, namba saba, alifunga kuliko wote, na kila alipofunga, upande wetu, kabila la Hippolyte, ulimtukana yeye na mama yake. Hippolyte alicheka kwa raha. Ligi ya zamani ikafa.

Mwaka 2003 vita vya makabila vikafika mjini. Hippolyte akaondoka na Guelord asubuhi, amfikishe kwa askari wa Umoja wa Mataifa, uwanja wa ndege. Kwenye bariera iliyofunga barabara walisimama vijana wenye mapanga, wale wale washangiliaji wetu.

"Namba saba!"

"Mumuache! Iko shemeki yangu, ndugu ya bibi yangu!"

"Président, si ni weye ulituonyesha kama iko wa kabila ya kule?"

Wakamuua Guelord mbele ya Hippolyte.

Mireille alichukua watoto wao, akapanda lori la kwenda Beni, hajarudi. Hippolyte yupo bado, Jumapili anajipikia.

FUNZO

Tusimfuate mtu anayetugawa ili apate sifa, hata akisema ni mchezo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Si sikuzote: Hippolyte alichimba, akaingia Guelord. Na sisi tuliopiga makofi tulimshikia jembe.