Barua ya Kuomba Kushona Shuka

Kwa mashine, mtaa huu hakuna anayenifikia. Nasema mashine ya kushonea. Hii ya kuandikia ilinifanya nijione kama kuku aliyeingia ofisini.

Hospitali yetu ilitangaza kuwa inatafuta fundi wa kushona shuka za wodi. Barua ya maombi iwe imechapwa, na ifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Niliitaka sana kazi ile. Wateja wangu wote walikuwa wamehamia nguo za dukani, na cherehani yangu ilikuwa imelala na vumbi lake.

Ijumaa asubuhi mume wangu aliketi mbele ya kompyuta ya kubebeka aliyotuachia binti yetu. Watu humwita Karani, kwa sababu alipiga taipu ofisini miaka thelathini.

"Mama watoto, niletee chai," akasema. "Hii kazi ya dakika kumi."

Akaanza kwa kishindo. Kila mstari ukikaribia ukingo, anabonyeza Enta. Kichwa cha barua alikisukuma katikati kwa kitufe cha nafasi. Nafasi, nafasi, nafasi, mpaka nikachoka kuhesabu.

"Umesahau gauni za wagonjwa," nikamwambia. "Nashona na hizo."

Akaziongeza. Mistari ikavurugika. Mmoja mrefu, mwingine una neno moja tu, kama jino lililobaki peke yake.

"Mbona inakimbia?" nikamwuliza.

"Haikimbii. Inajipanga."

"Inajipanga kwenda wapi?"

Karani akafuta barua yote na kuanza upya, kama zamani alivyokuwa akichomoa karatasi na kuweka nyingine. Mara tatu. Ya nne ikakaa sawa. Akaifunga. Tulipoitafuta, hatukuiona.

"Iliniuliza kitu," akasema polepole. "Nikabonyeza hapana. Mimi siulizwi maswali na chombo."

Nikamtazama yeye. Nikaitazama kompyuta. Sikujua nimkasirikie nani. Saa nne ilikuwa imeshapita.

Nikaibeba kompyuta kama mtoto mgonjwa hadi kwa Mama Karatasi, jirani yetu mwenye duka la kuchapa. Karani akafuata nyuma.

"Shoga, kaa wewe," Mama Karatasi akaniambia. "Barua ni yako. Shemeji, simama pale."

"Mimi? Na darasa langu la saba?"

"Herufi ni zilezile."

Kwanza alinionyesha kuhifadhi, hata kabla sijaandika neno. Barua tukaipa jina: Maombi ya shuka.

"Ukiandika kidogo, bonyeza Kontroli na S. Ukifunga bila kuhifadhi, kazi inapotea."

"Kama kupiga fundo mwisho wa uzi."

"Hapohapo. Na Enta uiache. Ukifika ukingoni endelea tu, mstari utajikunja wenyewe. Enta ni ya kuanza aya mpya."

"Na kichwa nani anakisukuma?" Karani akauliza.

"Hakisukumwi, shemeji. Kuna kitufe cha kukiweka katikati. Mara moja tu."

Nikaandika kwa vidole viwili. Nilipokosea, nikataka kufuta yote. Mama Karatasi akanishika mkono.

"Ukikosea kola, unachana gauni zima? Peleka kile kimstari kinachopepesa penye kosa, ufute hapo tu. Na ukifuta usichotaka kufuta, Kontroli na Z. Kinarudi."

Sikuamini. Nikafuta aya nzima makusudi. Ikarudi. Nikafuta tena. Ikarudi tena.

"Shoga," akasema, "hospitali haikungoji ucheze."

Tukaisoma mara moja, tukaichapa, akaniwekea na nakala kwenye flashi.

Kazi niliipata, nawaambia mapema msije mkakosa raha. Shuka za wodi ya watoto leo nazishona mimi. Lakini sikilizeni ya pale ofisini.

Tulifika saa sita kasoro robo. Dada wa mapokezi akatuamkia, akaisoma barua.

"Imepangwa vizuri. Nani ameichapa?"

"Mimi," mume wangu akasema, na kikohozi chake cha ofisini. "Nina miaka thelathini kwenye kazi hii."

Mimi nikatazama dari.

"Vizuri, mzee. Ila haina tarehe, na bila tarehe siwezi kuipokea. Mna flashi? Basi kaa kwenye kompyuta yangu hii uiongeze."

Akaketi. Akaandika tarehe. Nafasi, nafasi, nafasi. Sijui akagusa nini, barua yote ikatoweka. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tano.

Nikapitisha mkono juu ya bega lake. Kontroli na Z. Barua ikarudi. Tarehe nikaiweka mahali pake, nikahifadhi. Dada akaichapa upya, akagonga muhuri. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Mzee, ulisema nani aliichapa?"

"Mimi. Ila leo sioni vizuri. Miwani nimeisahau nyumbani."

"Pole, mzee," dada akasema kwa upole. "Na hiyo uliyoivaa ni ya nani?"