Saruji ya Ndizi Mbivu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Alistidia alichota maji ndoo mbili, akafagia uwanja, akala kiporo cha ndizi akiwa amesimama, kisha akateremka kilima cha Buhembe mbio. Hakukimbia kwa kuogopa kuchelewa. Alikimbia ili awahi dawati la mbele, maana aliyekaa mbele ndiye aliyeonekana kwanza akinyoosha mkono.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na mkono wake ulipanda juu kabla swali halijaisha. Siku moja Mwalimu Ildefons alianza, "Ni nani kati yenu..." akapiga chafya. Alistidia alikuwa ameshasimama. "Mimi, Mwalimu!"

"Asante," Mwalimu akasema, akijifuta pua. "Nilitaka kujua ni nani aliyevunja dirisha la ofisi."

Hata hilo halikumfundisha.

Mwaka huo, 1974, wanakijiji wa kijiji kipya cha ujamaa karibu na Kagoma, upande wa Muleba, walikuwa wakijenga darasa lao la kwanza. Walikuwa wamefyatua na kuchoma matofali wenyewe, na wilaya ilikuwa imewapa mifuko kumi ya saruji. Kabla ya kuanza ukuta, waliamua kutuma wajumbe Bukoba mjini wakaangalie majengo makubwa yaliyosimama miaka mingi, wajifunze. Waliandika barua shuleni kwa akina Alistidia kuomba mtu wa kuwatembeza.

"Nani atawatembeza wageni wetu?" Mwalimu Ildefons aliuliza darasani.

Mnajua ni mkono wa nani uliopanda.

"Vizuri. Una wiki mbili za kujiandaa. Nenda kwa Mzee Mushumbusi, yule fundi mwashi wa pale kwenu Buhembe. Hakuna jengo la mji huu asilolijua. Muulize kila kitu, uandike."

Nyumba ya Mzee Mushumbusi ilikuwa ya nne kutoka kwa akina Alistidia. Lakini Jumatatu kulikuwa na mchezo wa rede, Jumanne mvua ilinyesha, Jumatano kulikuwa na rede tena. "Mimi nimezaliwa mji huu," Alistidia alijiambia. "Ninapita mbele ya majengo hayo kila siku. Kuna nini cha kuuliza?" Wiki mbili zikaisha.

Wageni walikuwa saba. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, aliyeitwa Ma Jovita, na katibu wao alikuwa kijana mwembamba, Ndugu Projestus, mwenye daftari jipya na kalamu mbili. Mwalimu Ildefons aliwakabidhi kwa Alistidia sokoni, kisha akaenda mkutanoni.

"Haya, mwana wange, tuongoze," Ma Jovita alisema. "Sisi tutauliza tu."

Walianza na mtaa wa maduka yenye baraza ndefu. Juu ya duka moja palichorwa namba 1937. Mjumbe mmoja akauliza namba ile ni ya nini. Alistidia hakuwahi kuiangalia hata siku moja.

"Ni idadi ya matofali," alijibu bila kupepesa macho.

Ndugu Projestus aliandika: matofali elfu moja mia tisa thelathini na saba.

Ma Jovita alilitazama duka lote, ghorofa yake na ua wake wa nyuma. "Sisi tumefyatua matofali elfu nne, na tunaambiwa hayatoshi darasa moja!"

"Ya zamani yalikuwa makubwa," Alistidia akasema, akageuka haraka kuendelea na safari.

Karibu na ziwa walisimama mbele ya jengo la wakati wa Wajerumani. Ma Jovita alipima unene wa ukuta kwa mkono, kuanzia ncha za vidole hadi kiwikoni, na bado ukuta ukaendelea. "Kwa nini walijenga nene hivi?"

"Wajerumani walikuwa wanakoroma sana," Alistidia alisema. "Ilibidi wa chumba hiki wasimsikie wa chumba kile."

Wajumbe waliangaliana, wakatikisa vichwa kwa huruma. Ndugu Projestus aliuliza, "Kukoroma, naandika chini ya sababu za kiafya au za kiufundi?"

"Za kiafya."

Kufikia hapo Alistidia alikuwa anafurahia. Kumbe kujibu ni rahisi! Unafungua mdomo tu, jibu linatoka lenyewe.

Mwisho walifika kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Wajumbe wakainua shingo. Ma Jovita alizunguka polepole, akipapasa kuta, akitafuta nyufa. Kisha akauliza swali lililomleta mjini.

"Saruji ya hapa ilichanganywa na nini hata ikawa imara namna hii?"

Wakati huohuo mwanamke mmoja alipita na kikapu cha ndizi mbivu kichwani. Harufu yake tamu ikamfikia Alistidia puani.

"Maji ya ndizi mbivu," alisema. "Badala ya maji ya kawaida. Ndiyo siri yenyewe."

Ma Jovita alishika kiuno. Uso ukamng'aa. "Ndizi! Jamani, saruji ndiyo haba, lakini ndizi tunazo! Ndugu Katibu, umeandika?"

"Nimepiga na mstari chini yake."

Wageni walimshukuru Alistidia kwa kumpa mkono mmoja mmoja kama mtu mzima, wakapanda basi kurudi kwao.

Siku kumi baadaye, siku ya Ijumaa, Mwalimu Ildefons aliingia darasani na barua, akaisoma kwa sauti. "'Tunamshukuru mwanafunzi Alistidia kwa maarifa yake. Wanakijiji wamekata mikungu arobaini na wameshaanza kukamua. Alhamisi tutajaribu mfuko mmoja. Jumamosi tutaanza ukuta wote. Watoto arobaini na wawili wa darasa la kwanza wanasubiri kuingia.'"

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu akacheka. "Mikungu arobaini! Nadhani hiyo ni rubisi ya sherehe ya ujenzi. Sijui kwa nini hawajanialika."

Alistidia hakucheka. Katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua kwamba zile ndizi si za pombe. Akafikiri: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Halafu akawaona watoto arobaini na wawili wakiwa wamekaa kando ya ukuta, na ukuta wenyewe unainama.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Mwalimu," alisema. "Zile ndizi... ni za kuchanganyia saruji. Mimi ndiye niliyewaambia. Sikwenda kwa Mzee Mushumbusi. Yote niliyosema niliyatunga."

Mwalimu Ildefons alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Yote?"

"Yote, Mwalimu."

Jioni hiyohiyo walikwenda wote wawili hadi nyumba ya nne. Mzee Mushumbusi alisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Kwa hiyo wewe ndiye msichana niliyeambiwa atakuja," alisema. "Nilivaa shati safi siku tatu nikikusubiri. Siku ya nne mke wangu akaniuliza kama naoa tena."

Hata hivyo asubuhi alichukua mwiko wake na timazi, wakapanda basi la kwanza kwenda Muleba.

Kabla hawajafika kwenye kiwanja walisikia nyuki. Chini ya kivuli cha migomba wanaume wanne walikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, wakiponda ndizi kwa miguu huku wakiimba. Kwenye msingi wa darasa, mistari mitatu ya matofali ilikuwa imejengwa tangu Alhamisi. Mbuzi wawili walikuwa wakilamba ukuta kwa raha zao, na sisimizi walikuwa wamepanga foleni ndefu hadi juu.

Mzee Mushumbusi alilisukuma tofali moja kwa kidole. Likateleza kama sabuni.

"Kasinge, waitu!" Ma Jovita aliwasalimu kwa Kihaya akiwakimbilia, huku akifukuza nyuki kwa mkono. "Mmekuja wakati mzuri. Haijakauka bado, lakini mtoto alisema ndiyo siri."

Mwalimu Ildefons alimgusa Alistidia begani. "Sema wewe."

Watu kama sitini walisogea. Wale wa kwenye mtumbwi wakaacha kukanyaga. Alistidia alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya pale ilikuwa imeshashiba maji ya ndizi.

"Naombeni radhi," alisema. "Niliwadanganya. Sikujua saruji inachanganywa na nini. Niliona aibu kusema sijui."

Nyuki tu ndio walioendelea na kazi. Ndugu Projestus alifungua daftari lake polepole. "Na matofali elfu moja mia tisa thelathini na saba?"

"Uongo. Nafikiri ni mwaka."

Akafuta. "Na Wajerumani kukoroma?"

"Uongo."

Alisita, kalamu ikiwa hewani. "Lakini hiyo nimeshaisoma mbele ya mkutano mkuu," alisema kwa uchungu. "Watu walisikitika sana."

Bibi mmoja mzee akaanza kucheka. Akacheka hadi akakaa chini. Wa pembeni yake akafuata, na muda si mrefu kiwanja kizima kilikuwa kinacheka, isipokuwa Ma Jovita.

"Saruji yetu imekwenda kiasi gani?" aliuliza.

"Mfuko mmoja," fundi wao alijibu.

"Tisa imepona," Mzee Mushumbusi alisema. "Mngemwaga yote leo, mngekuwa mmewajengea mbuzi hoteli. Utamu huizuia saruji isigande, mama. Inataka mchanga safi na maji safi, basi. Bomoeni hii, yaosheni matofali, nami nitawaonyesha vipimo. Hayo maji ya ndizi yapelekeni kunakowafaa."

Wale wanne wa kwenye mtumbwi walishangilia kuliko wote.

Alistidia alifanya kazi tangu saa nne hadi jua lilipoanza kuteremka. Alisugua matofali yaliyonata hadi vidole vikakunjamana, akaumwa na sisimizi mara tano, akabeba mchanga. Mzee Mushumbusi alipima kila mstari kwa timazi, na Ndugu Projestus aliandika vipimo vyake, akihakikisha kila kimoja mara mbili.

Ma Jovita alimkuta Alistidia akipumzika juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa karibu naye.

"Siku ile nilikuuliza maswali mengi," alisema. "Ungesema sijui kwa kila moja, tungekuonaje? Tungekuona mtoto ambaye hajui saruji. Nani alitegemea mtoto ajue saruji? Tungekwenda kumtafuta anayejua, basi. Lakini anayejifanya anajua anatufungia hata mlango wa kwenda kuuliza."

"Nimeelewa, Ma."

"Na leo umekuja mwenyewe kusema kabla ukuta haujapanda. Hilo nitalisimulia pia, nikiwasimulia wengine habari ya ndizi." Akainuka, akaisukuma ndoo kwa mguu. "Haya, mwana wange, mafundi wanasubiri. Lete maji. Ya mtoni."