Dakika Moja ya Kimya

Nisingesikia kwa masikio yangu, ningemwita Kamene mwongo. Huyu rafiki yangu anasomea sauti za filamu hapa Machakos. Mwalimu wao aliwatuma warekodi kimya cha nyumba tupu, dakika moja tu. Kamene akaenda Kangundo, kwa marehemu susu, nyanya yake.

Shangazi yake alimfungulia mlango. "Ukiitwa humo ndani, usiitike."

Kamene akacheka, akafunga madirisha. Giza mchana kweupe. Akawasha kinasa sauti, akajiziba mdomo kwa kiganja asije akakohoa. Alisikia mabati yakialika kwa jua, basi.

Jioni alinichezea rekodi hiyo. Mabati. Kisha sauti ya kikongwe, karibu sana: "Kamene."

"Lakini mimi sikuitika," akaninong'oneza, amenishika mkono.

Kwenye kinasa, sauti yake mwenyewe ikaitika: "Naam, susu. Nakuja."