Tonge la Gizani

Rafiki yangu Woinshet alikwenda na mumewe, Dagne, na binti yao, Meklit, kupumzika wikendi katika mji mdogo wa Wondo Genet, Ethiopia. Jioni walikuwa chumbani, wamezunguka sinia moja la nyama na injera, ule mkate wao laini kama chapati, umeme ukakatika.

"Msinimalizie nyama, walafi nyie!" Dagne akatania, akatoka kutafuta mshumaa.

Gizani, tonge likagusa midomo ya Woinshet. Kwao kulishana ni mapenzi, tonge halikataliwi. Akalipokea. Lilikuwa la baridi, linanuka udongo.

"Ahsante, mwanangu."

"Mimi sijakulisha, mama," Meklit akajibu, kinywa kimejaa. "Si wewe unayenilisha mimi?"

Woinshet akampapasa, akamshika mikono yote miwili, akaibana. Viatu vya Dagne vilisikika mbali, nje. Kwenye sinia vidole vikakwaruza. Tonge la pili likamgusa midomoni, taratibu.