Bahasha ya Msaidizi wa Mpishi

Kila mara baba anapokaribia kushuka mlimani, kazi yangu huwa ni moja tu: kuandika orodha. Baba ni kiongozi wa msafara wa wapanda mlima, na mwandiko wake, jamani, hata yeye mwenyewe unamshinda kuusoma. Basi siku ya kushuka mimi hufika langoni mwa hifadhi mapema, nikakaa kwenye benchi karibu na mizani ya kupimia mizigo, nikaandika kwa herufi kubwa: kiongozi, mpishi, msaidizi wa mpishi, kisha wapagazi. Wageni hupewa karatasi hiyo, wakaita jina moja moja na kumkabidhi kila mtu bahasha yake mbele ya wote. Ndivyo kikosi cha baba kinavyogawa bakshishi, ili pasiwe na minong'ono.

Likizo hii kulikuwa na mtu mpya kwenye orodha. Mama Mdogo, mdogo wake mama, alikuwa amepanda mlima kwa mara ya kwanza kama mpagazi, na wenzake walimwita Dada Mpya. Baba alikuwa amewaambia wazi: "Mjaribuni safari hii moja. Mkimkubali, abaki. Mkimkataa, simtetei, hata kama ni shemeji yangu." Mama Mdogo ndiye anayenisuka nywele tangu nina miaka minne, na ndiye anayecheka mpaka machozi nikimwiga mwalimu mkuu. Nilitamani mno akubaliwe.

Nilimwona akishuka. Lo, alikuwa anachechemea! Viatu vya kukodi vilimzidi namba mbili, vikamchuna visigino, na mgongoni alikuwa na hema kubwa la chakula, lile wageni wanalolia ndani.

"Hujambo, mama?" aliniuliza huku akitua mzigo. "Usinitazame hivyo, bado nina miguu yote miwili."

Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Nilijua bahasha ya msaidizi wa mpishi ni nono kuliko ya mpagazi. Ingemtosha Mama Mdogo kununua buti zake mwenyewe. Msaidizi wa mpishi alikuwa mzee mmoja tunayemwita Chumvi. Nikajisemea kwamba Chumvi buti anazo, tena nzuri, na supu yake yenyewe humfanya mtu ashinde anatafuta maji. Nikaandika Dada Mpya penye msaidizi wa mpishi, na Chumvi nikamshusha kwa wapagazi. Baba huniamini. Aliipokea karatasi bila kuisoma, akampa mkubwa wa wageni, mama mmoja daktari wa meno.

Daktari alimwita baba, akamwita mpishi. Kisha akasoma, "Msaidizi wa mpishi: Dada Mpya!"

Mpagazi mmoja mrefu akakohoa. "Kumbe shemeji kapandishwa cheo njiani! Kweli damu nzito kuliko maji."

Wote walimgeukia baba, mtu waliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na baba alikuwa akiitazama karatasi asiamini macho yake. Chumvi aliinamisha kichwa. "Haidhuru," alisema taratibu. "Endeleeni tu, wageni wamechoka."

Mama Mdogo hakusogea hata hatua moja. "Mimi sikupika hata yai," alisema. "Bahasha hiyo si yangu. Nikiipokea, wenzangu nitawatazama kwa macho gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa namharibia kazi kwa mkono wangu mwenyewe. "Ni mimi!" nilisema kwa sauti. "Baba hajui lolote! Nilitaka Mama Mdogo apate viatu." Nikaangua kilio mbele ya watu wote, kamasi na kila kitu.

Baba hakunigombeza. "Futa machozi," alisema. "Umewapanga watu bila kujua kazi zao. Sasa pita kwa kila mmoja, umuulize alifanya nini, kisha umtangazie mgeni wetu."

Nilianza na Chumvi, aibu imenijaa. "Shikamoo, babu. Ulifanya nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Niliamka kabla ya wote, nikachemsha maji ya kunywa ya watu kumi na sita. Na supu nilizidisha chumvi, hilo nakiri."

Watu wakacheka, nami nikacheka huku nalia. Mwingine alibeba trei tatu za mayai na halikupasuka hata moja. Yule mrefu alibeba choo cha wageni, akatangaza kwa maringo, "Bila mimi mngekiona cha moto!" Daktari alicheka mpaka akashika mbavu. Nikafika kwa Mama Mdogo.

"Nilibeba hema la chakula, kilo ishirini," alisema. "Mvua iliponyesha likalowa, likazidi kuwa zito. Lakini kila siku wageni walilikuta limesimama."

Daktari aliacha kucheka. Aliwaita wenzake kando, wakateta, wakarudi. "Wapagazi tuliwawekea kidogo kwa sababu tulikuwa hatuwaoni," alisema. "Nyinyi mnatangulia, sisi tunakuta hema tayari, tunadhani limejisimamisha lenyewe. Kosa hilo ni letu." Bahasha za wapagazi zikaongezwa, zote sawasawa. Chumvi naye akapewa yake, ile ile ya msaidizi wa mpishi.

Yule mpagazi mrefu akamsogelea Mama Mdogo. "Ungeweza kuichukua ukanyamaza," alisema. "Hukuichukua. Safari ijayo hema lile ni lako, labda ulikimbie mwenyewe."

"Nikimbie? Kwa visigino hivi?" Kikosi kizima kikaangua kicheko, na Chumvi akampigia makofi. Nilijua amekubaliwa.

Nilipiga magoti nikamfungua kamba za viatu. "Nisamehe, Mama Mdogo. Nilifanya vile kwa sababu nakupenda."

Alinishika kidevu, akaniinua uso. "Najua, mama, na nimeshakusamehe. Lakini shika neno hili. Ukinipenda, sema nilichobeba, tena useme kwa sauti watu wote wasikie. Usinipe kamwe kilicho cha mwenzangu."