Gari Lililovikwa Rubugo

Jumanne, tarehe tatu Novemba 1953, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku iliyofuata ukumbusho wa marehemu wote, ndipo mambo yalipobadilika nyumbani kwa Kokugonza pale Nyaishozi. Alifungua banda ili kuku watoke. Mle ndani gari lilikuwa limefunikwa kama yeye na shemeji yake walivyoliacha, ila pembe moja ya kifuniko ilikuwa imeteleza, na kwenye mlango wa dereva palikuwa na alama ya mkono.

Ilikuwa alama ya kutu. Kiganja na vidole vitano, vyekundu kama udongo wa barabarani, juu ya chuma kilichokuwa cheupe jana yake.

Gari hilo lilikuwa la mumewe Placidius, mnunuzi wa kahawa. Lilikuwa kuukuu tangu alipolinunua. Wakati wa masika ya mwaka ule liliteleza kwenye kivuko, yeye akiwa ndani, likatumbukia Mto Kagera. Gari lilivutwa kwa minyororo. Mwenyewe hakuonekana. Ukoo ulitaka kuzika shina la mgomba badala yake, kama ifanywavyo maiti inapokosekana, ili roho ipate mahali pa kulala. Kokugonza alikataa.

"Sifukii mgomba," alisema, "na mume wangu yuko njiani anarudi."

Badala yake alimwita Yustus, mdogo wake Placidius, fundi aliyejifunza kazi Bukoba, ili Placidius akirudi akute gari lake zima. Yustus aliteremsha injini, akakwangua rangi na kutu yote kwa msasa mpaka bodi ikang'aa. Kisha mvua zikakata barabara, na rangi ikakwama Bukoba.

"Shemeji, chuma kikilala uchi mvua hizi, kazi yote imeliwa," Yustus alisema. "Na grisi imekwisha. Nipe chochote chenye mafuta, mradi hakina chumvi."

Kokugonza alimpa samli. Siku ile ya marehemu wote, walipotoka misani, walilipaka gari lote kwa kitambaa, maana jasho la mkono nalo huzaa kutu. Halafu akatoa sandukuni rubugo, nguo za gome la mti alizopewa na mama mkwe siku ya harusi, wakalifunika na kulikaza kwa kamba za mgomba. Kokugonza alipofunga kamba ya mwisho, alihisi moyo wake umetulia, na hakujua kwa nini.

Sasa Yustus aliinama kuitazama ile alama.

"Umeshika hapa, shemeji."

"Sijashika."

"Basi ni jogoo wako, ana vidole vitano." Alicheka peke yake, akasugua kwa msasa, akapaka samli, akafunga tena.

Kesho yake kamba zilikuwa zimekaza vilevile. Walipofunua, alama zilikuwa mbili, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kwa nje. Placidius alivunjwa kidole hicho na hendeli ya kuwashia gari, akiwa kijana, na kilipona vibaya. Safari hii Yustus hakucheka.

"Funika," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni yeye."

"Si yeye. Waswahili wa Bukoba walinieleza, mtoni mna majini, na jini huvaa mkono wa mtu liliyemmeza. Shemeji, usilifuate. Sali, na usilifuate."

Lakini Kokugonza aliamka kila alfajiri kwenda bandani. Ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, aliisikia hendeli ikizunguka, kr, kr, kr, katika gari lisilo na injini, na harufu ya matope ya mto na mafunjo yaliyooza ikamjia kutoka chini ya rubugo. Asubuhi moja alisogea, akaweka kiganja chake juu ya nguo mahali ulipo mlango, na kutoka upande wa pili, polepole, kiganja kingine kikasukuma kikaja kukutana na chake, baridi, kimelowa, kidole gumba kimepinda, naye hakuuvuta mkono wake, ingawa baridi ilipanda mpaka kwenye kiwiko na meno yakaanza kugongana, kwa sababu miezi yote ile hakuna aliyemshika mkono.

Alipotoka, kiganja chake kilikuwa chekundu. Alikiosha kwa maji, kwa sabuni, kwa majivu. Siku iliyofuata wekundu ulikuwa umefika kifundo cha mkono, na vidole vikakataa kukunjika.

Ijumaa ya juma la pili mama mkwe wake, Eustadia, alifika kwa miguu kutoka Isingiro. Alisimama mlangoni pa banda. Kokugonza alimpa shikamoo, naye akalitazama gari.

"Nani amekufa?" bibi aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni gari. Tumelikinga kutu."

"Kwa samli?"

"Ndiyo, mama."

"Na rubugo. Na kamba ya mgomba." Bibi aliketi chini, kwenye nyasi, kama wanavyoketi wafiwa. "Katika ukoo wetu, mwanangu, hivyo ndivyo tunavyomvika marehemu. Wewe ni wa Muleba, hukujua. Yustus alikuwa mjini, amesahau. Mwanangu hakupata wa kumpaka wala wa kumfunika. Mmemtandikia, amekuja kulala. Au jini limekuja kulala badala yake. Lipi kati ya hayo, mimi sijui."

"Akae basi," Kokugonza alinong'ona.

Bibi alimshika mkono ule mwekundu, akaugeuza. "Aliyevikwa hivi huenda kaburini, Koku. Huyu hatakwenda peke yake."

Kokugonza alilia mpaka jua likawa la utosi. Kisha akamwambia Yustus aung'oe ule mlango wa gari wenye alama.

Waliuzika kibanjani, katika shamba la migomba la nyumbani, ndani ya rubugo, mahali ulipopaswa kuzikwa mgomba. Katekista Protase aliongoza sala. Udongo ulipotiwa, Kokugonza alisema, "Nenda, Placidius. Sikungoji tena." Kufika jioni vidole vyake vilikunjika, na wekundu ukaoshwa kwa maji ya kawaida.

Barabara ikafunguka, rangi ikafika. Chuma hakikupata kutu tena. Kwa kuwa mlango wa kununua haukupatikana, Yustus alichonga mwingine wa mbao za mvule. Asubuhi ya kuupaka rangi, Kokugonza alitoka kutazama. Katikati ya mbao palikuwa na alama ya mkono, nyekundu, kidole gumba kimepinda. Yustus aliigusa, akanusa ncha ya kidole chake.

"Kutu," alisema taratibu. "Mbao hazishiki kutu, shemeji."

Kokugonza hakuusogeza mkono wake karibu. Aliuficha ndani ya kanga, akapiga magoti pale kwenye matope, akasali.

Ee Bwana, umpokee mtumishi wako Placidius, ambaye maji yalimchukua pasipo mkono wa kumfunika. Umpe kitanda kwako, ili asikitafute kwetu. Na raha ya milele iwe yake. Amina.