Gari la Kwenye Skrini

Mvua ilimkuta Edith katikati ya mtaa wa Kamalondo, gauni la mteja likiwa mfukoni, akakimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Ilikuwa salle de jeux, ukumbi wa michezo ya video. Vijana walijaa mbele ya skrini wakipiga kelele kama wako uwanjani. Pembeni, mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alikuwa ameshikilia usukani wa mchezo wa magari, jasho likimchuruzika.

"Unaendesha ama unapigana?" Edith akamtania.

"Byote, mama. Njo unisaidie."

Jina lake Symphorien. Akampisha kwenye kiti, na Edith, fundi wa nguo aliyependeza kwa kitenge chake cha manjano, akalibamiza gari ukutani, akarudia, akabamiza tena. Tangu amzike mama yake hakuwa amecheka namna ile. Mvua ikakatika, wala hakuna aliyeondoka.

Wakapendana. Simu hazikukauka.

"Chérie, umekula?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda, mi nasemaka kidogo."

Jambo moja tu lilimkera Edith. Alasiri nyingi Symphorien alisema yuko kwenye matibabu, na hakusema anaugua nini. Siku moja alipompigia akasikia honi, vicheko, na sauti laini ya mwanamke: "Polepole, papa, kata kona."

"Uko wapi?"

"Ku matunzo, chérie."

"Bongo, unanidanganya! Matunzo gani iko na honi na bibi wa kukubembeleza?"

Akakata. Simu zilizofuata hakupokea. Alishona mikono ya gauni kinyume, akaifumua, akakosea tena. Lakini Edith hakuwa mtu wa kulilia chumbani. Jumamosi akavaa gauni jekundu, akapaka wanja, akaenda palepale salle, maana honi na vicheko vile alikuwa amevitambua.

Symphorien alikuwa kwenye usukani, na kando yake mwanamke wa makamo mwenye miwani. Mwanamke akainuka, akampa Edith mkono.

"Mi ni Mwila, psychologue wake, munganga wa mawazo. Ukae, mama. Yeye mwenyewe atakuelezea."

Akawaacha wawili.

"Nalikuwa dereva wa malori," Symphorien akaanza, macho chini. "Ku njia ya Kipushi tuligongwa. Léonard, rafiki yangu, akafia pembeni yangu. Tangu pale nikigusa volant, usukani ya gari, mikono inatetemeka. Mama Mwila akasema tuanzie hapa. Hapa nikigonga, hakuna muntu mwenye kufa. Naanza tena."

"Juu ya nini ulinificha?"

"Niliona haya. Dereva muzima anacheza kama mutoto..."

"Symphorien, siku ile ya mvua, huu muchezo ndio ulinitoa kilio ku kifua. Mi ndiye wa kukucheka?" Akavuta kiti. "Sogea."

Kuanzia hapo walicheza pamoja, na Symphorien hakukosa hata miadi moja ya Mama Mwila. Usingizi ukamrudia. Mikono ikatulia.

Jumapili moja honi ikalia nje kwa Edith. Symphorien alikuwa kwenye usukani wa gari la kaka yake, amevaa suti ya bluu, peke yake. Wakashika njia ya Kipushi. Mahali alipofia Léonard akapunguza mwendo, akasimama, akainamisha kichwa. Kisha Symphorien akatia gia, gari likaenda sawasawa hadi mjini Kipushi.

"Edith, nataka kuona baba mukubwa yako."

"Ya nini?"

"Kukuomba. Nikuoe."

Edith akatengeneza kilemba chake kwenye kioo, akitabasamu.

"Geuza gari. Leo baba mukubwa iko nyumbani."